Mwekundu Wangu na Fuvu la Kijivu

Jumanne, 1 Julai

Katika bonde hili zima hajazaliwa mtu mwenye jicho la farasi kama langu. Hajazaliwa, na mama yake hajaolewa! Nikipita tu, farasi hunyoosha shingo na kuvuta matumbo ndani, kama wanafunzi wakimwona mwalimu mkuu. Shule niliiacha darasa la saba kwa hiari yangu, na kwa hiari ya mwalimu pia. Kichwa kilishajaa farasi. Hesabu ingekaa wapi?

Leo Babu ametangaza rasmi. Mikono yake inatetemeka, hawezi tena kuwanoa farasi wa mbio. Mbio za sikukuu zikiisha, Ijumaa ya wiki ijayo, atamkabidhi mtu kile kibao chake cha kukwangulia jasho la farasi. Mwenye kibao ndiye mkufunzi wa farasi wa ukoo wetu mpaka afe. Tupo wawili: mimi na dada yangu Khishgee. Kila mmoja kachagua farasi wa miaka miwili. Mimi nimemchagua Mwekundu. Khishgee kachagua kitu fulani cha kahawia, kidogo, kimekaa kama panya aliyenyeshewa. Farasi atakayemtangulia mwenzake kufika, mwenyewe ndiye anayechukua kibao. Khishgee akishindwa, ataendelea kula na kulala kama kawaida. Nikishindwa mimi, naenda jangwani Gobi kwa Shangazi Dulmaa kuchunga ngamia. Haki iko wapi? Ngamia wanatema mate. Shangazi naye anatema.

Kisimani nikasema (sikupiga kelele, nilisema tu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto) kwamba Mwekundu ni zaidi ya Kijivu. Kijivu ndiye yule farasi wa Babu aliyewatimulia watu vumbi kabla sijazaliwa. Wazee wakimtaja huvua kofia. Bahati mbaya Zundui alikuwepo. Zundui ni jirani, rika langu, ana pikipiki na anadhani pikipiki ni akili. Akaniuliza mbele ya wasichana nimejuaje, na Kijivu alikufa mimi sijaota jino. Nikamjibu mwenye jicho haulizwi. Akasema basi nilete ushahidi, la sivyo jina langu ni Debe Tupu.

Wasichana walicheka. Sawa. Ushahidi watauona.

Alhamisi, 3 Julai

Kumlinganisha farasi hai na farasi marehemu si kazi ya mchezo. Wazee hawasaidii kitu! Nimekwenda kwa Mzee Lhamsuren, aliyemwona Kijivu kwa macho yake. Kasema masikio yalikuwa mafupi kama vidole gumba. Mkewe akadakia kwamba yalikuwa marefu, yamechongoka kama mkasi. Mzee akamwuliza, "Siku ile ulikuwa unatazama farasi au mpanda farasi?" Bibi akamjibu kwamba kwa uso aliokuwa nao yeye Mzee, mtu angetazama hata mkia. Wakagombana mpaka chai ya chumvi ikapoa. Shemeji yao aliyekuwa amelala pembeni akaamka, akasema Kijivu hakuwa wa kijivu hata kidogo, alikuwa mweupe mwenye vumbi. Akalala tena.

Nikatoka bila kitu. Lakini mawazo makubwa hunijia nikiokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia jiko, na leo nilikuwa na gunia zima la kujaza.

Fuvu!

Babu alilipandisha fuvu la Kijivu kilimani, kwenye rundo la mawe la tambiko, akalifunga hariri ya buluu, likitazama macheo. Kila farasi aliyependwa hufanyiwa hivyo. Basi lipo pale. Mzee husahau, mfupa hausahau. Nitalipima, nitampima na Mwekundu, kisha Zundui atafute pa kuficha uso wake.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepanda kilima. Nilizunguka rundo mara tatu na kunyunyiza maziwa, mimi si mhuni. Kisha nikakuta balaa: mafuvu sita! Hakuna lililoandikwa jina. Hariri zote zimepauka, huwezi kujua nani ni nani. Watu wa zamani walidhani hatutakuja kuuliza?

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Mimi nikafikiri. Bingwa ni mkubwa. Kwa hiyo kubwa ndilo la bingwa. Lilikuwa pale katikati, kubwa kama sanduku la harusi. Nikavua mshipi wangu, nikapima kutoka utosi hadi pua, nikafunga fundo.

Nimeshuka mbio, nimempima Mwekundu. Kaning'ata bega. Nimempima tena. Sawasawa! Fundo kwa fundo! Ana miaka miwili tu na kichwa chake tayari ni cha bingwa mzima. Nimewaambia wa kisimani, nimewaambia wa dukani, nimemwambia na dereva wa lori la mafuta ambaye hata hakushuka.

Jumapili, 6 Julai

Asubuhi ilikuwa tamu. Watu walikuja kumtazama Mwekundu. Mzee Lhamsuren alinipa kichupa chake cha ugoro kwa adabu, kama mtu mzima anavyompa mtu mzima mwenzake. Nilinusa. Nikampigia chafya kifuani. Hata hivyo heshima ni heshima. Zundui alisimama kando, kimya kama aliyemeza jiwe.

Ndipo Babu akauliza, kwa upole tu, nilipima fuvu lipi.

Nikasema lile kubwa la katikati.

Babu akacheka. Akacheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Akatoka nje ya hema, tukawa tunamsikia huko huko nje. Khishgee ndiye aliyenifafanulia, tena bila haraka, kama anayekula kitu kizuri. Lile kubwa ni la Bumbu, farasi wa mkokoteni. Kila tulipohama, Bumbu ndiye aliyevuta mahema, majiko na kabati la Bibi. Hakushinda mbio hata moja kwa sababu hakuwahi kukimbia. Babu alimpenda, akamweka katikati ya mabingwa. Kijivu ni lile fuvu dogo la pembeni, ambalo mtu angedhani ni la mbuzi mnene.

Zundui jiwe likamtoka. "Ndugu yangu, hongera! Farasi wako atashinda mbio za kubeba majiko!" Watu wakashika mbavu. Mzee Lhamsuren alidai kichupa chake cha ugoro. Nilikuwa nacho bado.

Mambo gani haya? Nani anamweka punda wa kazi katikati ya mabingwa bila kumwambia mjukuu wake?

Jumatatu, 7 Julai

Nimepanda tena kilimani. Nimepima lile dogo. Kichwa cha Mwekundu kimelizidi kwa kiganja kizima. Maana yake nini? Maana yake Mwekundu si sawa na Kijivu. Amemzidi! Nilikuwa sahihi kuliko nilivyodhani.

Nimemweleza Zundui. Akasema nikipima fuvu la ngamia itakuwa Mwekundu ni panya, na nikipima la panya itakuwa Mwekundu ni tembo, na siku zote nitarudi nikiwa nimeshinda. Mtu asiye na elimu ya vipimo huwezi kubishana naye.

Jioni tuliwakimbiza farasi wote wawili tuwatoe jasho. Babu alikwangua kwa kibao, akalitazama jasho kwenye mwanga, akalionja. Jasho la yule wa kahawia lilitiririka jembamba, jeupe kama maji ya kisima. Babu akatikisa kichwa taratibu, namna anavyofanya akiridhika. La Mwekundu lilikuwa zito, linavutika, la chumvi. "Supu," kasema Babu. Nikamwambia supu ndiyo yenye nguvu, maji yana nini? Babu akafumba macho kwa muda mrefu. Uzee huo.

Ameagiza Mwekundu afungwe kamba fupi, mbali na majani, ale kidogo sana mpaka siku ya mbio, tumbo liingie ndani. Yule wa kahawia anafungwa hivyo hivyo, na Khishgee hupita karibu naye akiimba, kana kwamba hakuna kiumbe mwenye njaa duniani.

Mbio zetu hupandwa na watoto. Mpanda farasi wangu ni Solongo, binti wa Khishgee, ana miaka minane na ulimi wa mtu wa miaka arobaini. Kaniuliza, "Mjomba, huyu farasi wako anajua kwamba ni mbio?" Mama yake mwenyewe kampandisha mdogo wa Zundui kwenye yule panya. Njama tupu.

Jumatano, 9 Julai

Nimegundua jambo ambalo wakufunzi wote wa bonde hili hawajui. Kichwa kikubwa kinahitaji chakula kikubwa. Ni sayansi. Kijivu alikuwa na kichwa kidogo, alivumilia njaa, vizuri. Mwekundu kichwa chake ni cha aina nyingine. Ukimlaza njaa, nguvu zote zinapanda kulisha kichwa, miguu inabaki bila kitu.

Basi alfajiri, kabla Khishgee hajaamka, nimemfungua kamba, nimempeleka kwenye majani ya mtoni, yale manene. Alikula kama aliyetoka jela. Nilimwongezea mfuko wa vipande vya maziwa makavu ambavyo Bibi alivianika kwa ajili ya wageni wa sikukuu. Kesho nitarudia.

Mchana Babu alimtazama tumbo. Akalizunguka. Akaliinamia. Akauliza ni nani aliyemfungua. Nikasema huenda ni upepo. Akasema upepo wa hapa umejifunza kufungua mafundo lini? Nikasema huenda ni Zundui. Bibi naye anauliza vipande vyake viko wapi. Nyumba hii kila mtu ni askari!

Ijumaa, 11 Julai

Siku yenyewe. Nilivaa joho la marehemu Baba, jekundu, na kofia yenye ncha. Nilinunua sambusa za kondoo, nikala nne kwa wasiwasi. Farasi wa miaka miwili walipelekwa mbali kule nyuma ya vilima, watoto migongoni wakiimba, tukabaki kungoja vumbi.

Vumbi likatokea. Nikapanda juu ya pikipiki ya Zundui, bila ruhusa, nione vizuri. Wa kwanza mweusi. Wa pili mweupe. Wa tatu... panya! Yule wa kahawia, masikio yamelala, anapaa! Khishgee alikimbia kumpokea akilia na kucheka kwa pamoja. Wa nne, wa tano, wakamwagiwa maziwa machachu ya farasi, wakasifiwa. Nikasema Mwekundu ni farasi wa kumalizia kwa nguvu, ngojeni.

Tukangoja. Wakapita wote. Vumbi likatulia. Ndege wakarudi kutua njiani.

Ndipo akatokea. Anatembea! Tumbo linayumba kushoto na kulia kama kiriba. Solongo juu yake amekunja mikono, hata hatamu hajashika. Alipofika aliniambia bila salamu, "Mjomba, amesimama mara mbili kula na mara moja kunya. Alipokunya alifumba macho."

Na wa mwisho kwa farasi wa miaka miwili haachwi hivi hivi. Anaimbiwa Tumbo Tajiri. Mwimba sifa akaja na hariri na bakuli, umati nyuma yake, wengi kuliko waliomsikiliza mshindi. Akaimba kwamba si kosa la farasi, njia ilikuwa na mawe. Si kosa la mtoto, hatamu zilikuwa ndefu. Na kwamba mwakani atawatangulia elfu kumi. Halafu akauliza kwa sauti ya kuimba: mkufunzi wake ni nani, asimame tumwone tumbo.

Nikasimama. Nilikuwa nimekula sambusa nne. Watu walilala chini kwa kicheko. Zundui alinishika mkono anisaidie kushuka kwenye pikipiki yake, akanipangusa vumbi kwenye joho. Hilo liliniuma zaidi.

Babu akampa Khishgee kibao mbele ya wote. Kisha akaja kukaa nami kwenye majani. Akaniambia polepole kwamba Kijivu naye, alipokuwa na miaka miwili, aliimbiwa Tumbo Tajiri.

Nikaruka! Nikawatangazia watu wote: mmesikia? Kijivu naye alikuwa wa mwisho! Mwekundu amelingana naye kabisa, kama nilivyosema tangu mwanzo! Babu akanivuta joho nikae. Akasema hajamaliza. Kijivu alikuwa wa mwisho kwa sababu mtoto aliyempanda alianguka nusu ya njia, naye Kijivu akasimama kumngoja, na tumbo lake lilikuwa bapa kama ubao. Lakini hayo ni mambo madogo madogo. Nilikuwa nimeshatangaza.

Babu alifunika uso kwa kofia. Kasema Jumapili kuna lori la kwenda Gobi.

Jumatatu, 14 Julai

Niko kwa Shangazi Dulmaa. Amenikaribisha kwa bakuli la supu na koleo la kuzolea mavi. Ngamia wapo wengi, wote wananidharau.

Isipokuwa mmoja. Ni mchanga bado, miguu mirefu, shingo kama ya mfalme. Wakati wa baridi huku kuna mbio za ngamia. Nimemwambia Shangazi kwamba huyu atawazidi ngamia wote waliowahi kukimbia jangwa hili, na nikamwuliza bingwa wao mkubwa alikuwa nani na fuvu lake liko wapi. Shangazi akatema mate. Sijui kama lilikuwa jibu.

Kuhusu Mwekundu, yote niliyoandika juu ya vichwa na vipimo nayasimamia. Ila yale majani na vile vipande vya maziwa havikuwa sayansi. Alikuwa amefungwa kamba fupi, ana njaa, na kila nilipopita alinitazama. Khishgee alitazamwa hivyo hivyo na yule wake wa kahawia, akaendelea na kazi yake akiimba. Mimi nilishindwa. Hilo ndilo lililoharibika, hilo moja tu, na Babu sijamwambia.

Huyu ngamia mchanga ananitazama tangu asubuhi. Mkate wangu wa chai umeshakwisha.