Wachimbaji Wangu wa Macalder

Jumatatu, Juni 9
Leo ni siku yangu! Kwenye mkutano wa idara, Profesa Mayaka ametangaza kiti cha mratibu wa utafiti. Ofisi ya mratibu ina feni, na joto la Homa Bay si la mchezo. Atakayetufundisha ile programu ya kompyuta ya kuchambua mahojiano, Jumatatu ijayo, kwa mahojiano aliyokusanya mwenyewe, kiti ni chake. Daktari Leonida akainua mkono. Mimi nikainua miwili. Nikasema nina mahojiano ya wachimba dhahabu wa Macalder, tele! Kusema ule ukweli, sina. Macalder kwenyewe sijawahi kufika. Lakini nimwachie Leonida? Thubutu!

Jumanne, Juni 10
Nimetoka nyumbani Migori mapema kwenda Macalder. Mvua! Nikajikinga hotelini, nikaagiza chai na mandazi, na hapo akili ikanijia. Mchimbaji atasema nini ambacho msomi hawezi kukisia? Shimo refu, bei mbaya, mgongo unauma. Chai haijapoa, nimemaliza mahojiano ya Mzee Willis. Yanasikitisha mno. Kusema ule ukweli, nimetoa machozi.

Alhamisi, Juni 12
Wachimbaji wamefika kumi na sita. Nimeweka na wanawake, kwa ajili ya usawa wa jinsia. Bitutu, mke wangu, amesoma akiwa nyuma yangu, akacheka mpaka akashika mlango. Akasema huyo Mzee Willis anaongea kama mtu ambaye yeye anamfahamu sana. Sifa hiyo! Leonida nasikia yuko Macalder tangu jana, matope mpaka magotini. Pole yake. Nauli yote hiyo kwa kazi ya kukaa kitini.

Ijumaa, Juni 13
Nimepaka viatu matope ya nyuma ya poshomili, vionekane vimetoka mgodini. Kurudi kutoka kwa kinyozi, vinang'aa! Bitutu amevipiga rangi kwa maandalio ya Sabato. Tumegombana. Ameniuliza tangu lini mgodi wa dhahabu unanuka pumba za mahindi. Mwanamke huyu haheshimu sayansi.

Jumatatu, Juni 16
Ukumbi ulijaa, wanafunzi mpaka madirishani. Nilianza vizuri ajabu. Nikawaonyesha jinsi ya kupaka sentensi rangi: umaskini njano, afya kijani. Profesa akaitikia kwa kichwa. Kusema ule ukweli, feni nilishaanza kuisikia shingoni.

Ndipo Leonida, kwa lile tabasamu lake la mzee wa kanisa, akaniomba kwa heshima nibonyeze programu ihesabu maneno ambayo watu wangu wanayarudia zaidi, iyachore ukutani, yaliyorudiwa sana yawe makubwa. Nikabonyeza kwa madaha. Dhahabu ikatoka ndogo, pembeni, kama kunguni. Katikati, ukuta hadi ukuta: KUSEMA ULE UKWELI. Wote kumi na sita! Wanawake pia!

Profesa akavua miwani. Akauliza imekuwaje Macalder nzima inaongea kwa mdomo mmoja. Nikasimama wima, nikajibu kwa sauti: kusema ule ukweli, Profesa...

Sikumaliza. Ukumbi ulilipuka. Mwanafunzi mmoja alianguka kutoka dirishani. Leonida peke yake hakucheka, na hilo ndilo limeniuma.

Jumanne, Juni 17
Leonida amepewa ofisi. Feni inasikika hadi kwangu. Mimi nimepewa mpaka Ijumaa nilete sauti zilizorekodiwa za wachimbaji wote, la sivyo nifike mbele ya kamati ya nidhamu, na huenda kazi ikaenda. Bitutu amelia. Amenisihi nimwendee Profesa nikiri, kisha nipande gari la Macalder kama watu wengine.

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona. Ni yale maneno matatu tu! Nimeiamuru kompyuta iyafute kila mahali, iweke "haki ya Mungu". Mbofyo mmoja, kwisha. Mzee Willis nimeshamrekodi kwenye simu, sauti nzito, blanketi kichwani. Wanawake nitawafanya kesho.

Haki ya Mungu, safari hii hanishiki mtu.