Kodi Niliyolipa kwa Bahati Mbaya

Kwako Mheshimiwa Meneja wa Tawi,

Pole na kazi. Mimi ni fundi redio, mpangaji wa chumba cha tatu, watu wananiita Fundi Waya. Pia ni mwenyekiti wa wapangaji, au nilikuwa mpaka wiki iliyopita. Naomba ukae vizuri kwenye kiti.

Nyumba yetu ina choo kimoja na hakina mlango. Kuna gunia. Ukiingia lazima uimbe ili watu wajue kuna mtu, na dereva wa lori wa chumba cha kwanza hajui kuimba, anapiga honi kwa mdomo. Tulimwambia mwenye nyumba aweke mlango, akasema tulipe kodi kwanza. Sisi tukasema mlango kwanza. Basi tukagoma kulipa, na aliyehutubia ni mimi, nimesimama juu ya ndoo. Halafu tukachanga tununue mlango wetu wenyewe kwa fundi wa kuchomelea, mchango ukawekwa kwenye akaunti yangu kwa sababu mimi ndiye mwaminifu. Nikamtumia fundi pesa zake kwa simu. Zikaenda kwa mwenye nyumba.

Usicheke, Mheshimiwa, nitakueleza. Kabla ya mgomo, kila mwisho wa mwezi nilikuwa nachagua akaunti ya mwenye nyumba kwenye simu, najaza kiasi, napiga picha kioo, namtumia ile picha na kumwambia mzee, mambo yako njiani. Halafu naghairi. Ikawa kazi ya kidole tu, kichwa hakihusiki. Safari hii kidole kikaenda chenyewe kulekule kilikozoea, ila kikasahau kughairi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huduma yenu ya simu iliniuliza kama nina uhakika, nikajibu ndiyo. Jamani, hilo ni swali la kumuuliza mtu mwenye haraka? Ingeniuliza, unamlipa mwenye nyumba, unaumwa? Hapo ningeshtuka.

2. Dada wa dirisha la pili kaniambia pesa hairudi mpaka aliyeipokea akubali. Nikampigia mzee. Kabla sijafungua mdomo akaanza kuniombea dua! Mtu aliyeniita kunguni mwezi uliopita, leo ananiombea maisha marefu na watoto mapacha. Nikaitikia amina.

3. Kesho yake akaja uani, akanisifu mbele ya wote. Kasema waige mfano wangu. Kanishika na bega! Mheshimiwa, mimi nimevunja mgomo wangu mwenyewe, tena kwa pesa za wagomaji wenzangu.

4. Majirani hawanisalimii. Mama muuza mkaa akinipita anauambia ukuta kwamba wengine bwana, asubuhi wenyeviti, jioni wakwe wa mwenye nyumba. Mwalimu wa chekechea kawafundisha watoto wa uani wimbo, na ndani yake nimo. Kibaya zaidi ni mtamu. Jana nimejikuta nauimba chooni.

5. Gunia limechanika.

Kwa heshima zote, basi, naomba pesa irudishwe bila mzee kujua, taratibu, kidogo kidogo, kama panya anavyokula sabuni. Hilo likishindikana, naomba barua yenye muhuri wa benki, inayothibitisha kwamba mimi si mtu wa kulipa kodi, sina tabia hiyo, na kwetu hakuna mwenye tabia hiyo. Nitaibandika uani. Na hilo nalo likishindikana, uje mwenyewe, na tai yako, utangaze mbele ya majirani kwamba mimi ni mdaiwa sugu wa kutegemewa. Ndoo ya kusimamia ipo. Chai tutakupa, ila usinywe nyingi, na ukibanwa ukiwa kwetu, tafadhali imba.

Nakuamini, Mheshimiwa. Jina langu lote uani liko mikononi mwako.

Nisalimie dada wa dirisha la pili, mwambie sijakasirika. Nisalimie wafanyakazi wote, mama watoto, watoto wenyewe, na mwenye nyumba wako kama unaye.

Ni mimi, niliyelipa bila kupenda,
Fundi Waya, chumba cha tatu

Nyongeza: Mheshimiwa, bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeichana tena. Mzee kaja sasa hivi na fundi, wameweka mlango chooni. Wa chuma! Una hata kitasa! Ufunguo ni mmoja, na kaniachia mimi, mpangaji wake pekee anayelipa. Hapa ninapoandika, mama muuza mkaa yupo mlangoni kwangu anauliza kama nimekula. Mwalimu wa chekechea kabadilisha maneno ya wimbo, sasa nasifiwa. Kwa hiyo pesa usiiguse. Hata nikija mwenyewe kuidai, nikilia, nikigaragara sakafuni, usinipe. Mwezi ujao kodi nitalipa mapema, tena kwa kusudi, maana dereva wa lori ameanza kuulizia namba ya akaunti ya mzee, na mimi nimemwambia sikumbuki.