Chenja ya CD Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe anasafiri Jumamosi kwenda kupimwa macho. Saa sita za barabara. Atakayemwendesha atakuwa na masikio yake saa sita, na mzee anatafuta wa kumwachia duka lake la vitambaa. Tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu. Gari lake lina chenja ya CD sita, mashine inayojibadilishia CD yenyewe, na haachi kuitaja, hata mazishini. Langu lina redio inayokoroma. Dawa ya moto ni moto.

Jumanne, 4 Machi
Kwa fundi redio. Akanionyesha chenja ya CD sita, ya kukaa chini ya kiti. Ati ndiyo saizi ya gari langu. Nikamwuliza kama nimekuja kutafuta sare, sita kwa sita. Nikachagua ya kumi. Hiyo hukaa kwenye buti. Akapima, akakuna kichwa: haienei mpaka tairi la akiba litoke. Akauliza, bosi, hili ni gari au disko? Nikamwambia afunge. Mafundi wote waoga, ndiyo maana hatuendelei.

Jumatano, 5 Machi
Tairi liko barazani. Mke wangu kauliza linafanya nini pale. Nikasema linapumzika. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Amekuwa mkuu tangu lini?
Nimempigia mzee: kumi! Akauliza kumi nini. Lakini amekubali kupanda kwangu. Mwanyumba atafuata nyuma na mama mkwe. Kama mkia.

Jumamosi, 8 Machi
Wimbo wa kwanza, mzee akasinzia. Nikaongeza sauti, akaamka, akaomba nipunguze. Nikaanza habari za duka. Akasema hasikii, muziki. Kuzima? Baada ya gharama zote zile? Nikapiga kelele juu ya tarumbeta: duka, baba, duka! Akajibu kwamba macho ndiyo mabovu, masikio bado.
Kisha pancha. Nikafungua buti. Chenja ikanitazama kwa taa yake ndogo ya kijani.
Mwanyumba akasimama. Tairi lake la akiba lina matundu matano ya nati, gari langu linataka manne. Akachungulia buti, akasema, kumbe ya kumi, hongera sana. Mzee akahamia kwake. Akaniambia kwa upole, mwanangu, wewe baki na muziki wako.
Nilibaki nao. CD ya nne, betri ikafa.

Jumapili, 9 Machi
Mwanyumba amepewa funguo za duka. Mke wangu anasema walizima redio njia nzima wakazungumza. Uchawi tu.
Nimekaa juu ya tairi barazani, nimefikiri, kosa nimeliona. Kumi ni chache. Nimempigia fundi: ipo ya kumi na mbili, na kiti cha nyuma kikitolewa inaenea vizuri. Akauliza abiria watakaa wapi.
Waoga hawa.