Majaketi Kumi na Mawili na Godoro la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Mkutano gatini. Boti yetu ya zimamoto na uokoaji imefika! Nyekundu, ina pampu, ina mpira wa maji mrefu kuliko mtaa wetu. Miaka miwili watu wa ziwani tumeichangia, kila mtu kwa alichonacho. Yamebaki majaketi ya kuokolea, kumi na mawili. Mkaguzi wa vyombo vya majini anakuja Jumamosi. Yasipokuwepo, boti haitoki.

Mchomeleaji kaahidi vyuma vya kushikilia pampu. Mama Mwenyekiti wa wakausha samaki kaahidi mafuta. Mkono wangu ukanyanyuka kabla kichwa hakijapewa taarifa. Nikasema mimi ni fundi cherehani, niachieni majaketi. Makofi! Sharti langu moja tu: mgongoni jina la duka langu, herufi kubwa.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akauliza nitajaza nini ndani. Ni seremala, hupima hata mlango anaopita kila siku, na ndiye atakayeendesha boti. Nikamjibu hiyo ni siri ya fundi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ana roho ya rula.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Mwenyekiti kapita dukani. Anazo boksi nyeupe zilizovunjika, zile nyepesi wanazowekea samaki na barafu. Kasema zinaelea hata ukizikalia, nikate nijazie. Nikanusa moja. Nikashukuru sana, nikakataa. Jina langu linukie samaki? Hapana! Akasema sawa, ataniwekea kibandani kwake, huenda nikabadili mawazo.

Sibadili mawazo. Nimekumbuka godoro la wageni. Sponji nene, laini, limesimama nyuma ya kabati mwaka mzima bila kazi. Nimelikata lote. Mke wangu kauliza liko wapi. Nimesema nimelianika. Kasema vizuri, maana mama yake anakuja Ijumaa.

Nimekaa chini kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti

Majaketi tisa tayari. Mazuri mno! Herufi za njano zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Shemeji kaja na karai la maji. Anataka kuloweka moja usiku mmoja tu, aone. Nikakataa katakata. Nikamwambia nguo mpya hailowekwi na asiyeishona, rangi itachuja. Akaliweka karai chini. Kisha akasema, taratibu, kwamba mdogo wake angekuwa hai kama siku ile kungekuwa na boti na jaketi moja la kweli. Najua. Wote tulikuwa ufukweni tukiutazama mtumbwi wake wa injini ukiwaka moto majini, mbali kidogo tu. Jina la yule kijana halitajwi nyumbani kwetu hadi leo.

Nikataka kusema kitu. Nilitaka kweli. Uzi wa njano ukaisha, nikatoka kuutafuta. Niliporudi alishaondoka na karai lake.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama mkwe kafika saa nane mchana, miguu imevimba kwa safari. Kaomba ajinyooshe. Sina godoro! Nikapanga majaketi yote kumi na mawili juu ya mkeka, nikatandika shuka mbili. Akalala. Alipoamka akanisifu mbele ya mke wangu. Kasema ulaini ule unamkumbusha godoro alilotununulia siku ya harusi yetu, alilibeba mwenyewe kichwani kutoka kituoni.

Sikujua kwamba ni yeye aliyelileta. Miaka kumi na moja, na sikuwahi kuuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Siandiki mengi.

Mkaguzi kasifu pampu. Kasifu vyuma. Kasema jaketi moja lijaribiwe na atakayeendesha. Shemeji akavaa, akaniangalia, akaruka. Dakika ya kwanza aliogelea vizuri. Nikapunga mkono kwa watu! Dakika ya pili sponji likaanza kunywa maji. Likanywa kama limetoka jangwani. Kidevu kikazama, mdomo ukazama, ikabaki pua. Walimvuta kwa upondo wa kusukumia mitumbwi, ulionasa kwenye jina la duka langu. Gati zima lililisoma.

Alitapika maji muda mrefu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mkaguzi kafunga boti, kaondoka na ufunguo. Atarudi baada ya mwezi. Mama mkwe aliminya jaketi lililolowa, akalitambua sponji. Akarudi nyumbani kufungasha mizigo. Mke wangu ameongea na sufuria tu tangu wakati huo.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi moshi kwenye ncha ya rasi, kusikofikika ila kwa maji. Kibanda cha Mama Mwenyekiti. Cheche za jiko la kukaushia samaki. Boti nyekundu ilikuwa hapo hapo, imefungwa, pampu yake nzima, mpira wake mrefu umekunjwa vizuri. Ufunguo uko mjini. Wavuvi walikwenda kwa makasia na ndoo. Mimi pia nilipiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Tulikuta nguzo nne.

Yeye na wenzake wako salama, walitoka mapema. Nilikwenda kumwomba radhi. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba zile boksi nyeupe nazo zimeungua, alikuwa bado ameniwekea.

Ningerudishiwa Jumanne ile tu, ningechukua zote na kunuka samaki mpaka kufa.

Jumatano, 13 Agosti

Shemeji kaja dukani, sauti bado nzito. Nilidhani amekuja kunipiga. Amekuja na gunia la boksi nyeupe, amezikusanya soko zima, na karai lile lile. Kasema mimi nishone, yeye ataloweka, kila jaketi siku nzima. Na mgongoni? akauliza. Nikasema sitaandika chochote. Nikalia mbele ya wateja wawili. Kanipiga begani, kasema shemeji, shika mkasi. Kisha kaongeza, bila kuniangalia, kwamba mama yake, aliyehamia kwake na mizigo yake, kakubali kubaki hadi Jumapili.

Tumeshona matatu hadi jioni. Yananuka samaki. Yanaelea! Mimi ni mtu mpya kabisa.

Kabla hajaondoka kasema pampu inapigwa na mvua pale gatini, kamati inatafuta mtu wa kutoa turubai. Mkono wangu ukanyanyuka. Tulikuwa wawili tu dukani, lakini ukanyanyuka. Nikamwambia turubai niachie mimi. Akauliza kwa wasiwasi kitambaa gani, kinazuia maji?

Nikamwambia hiyo ni siri ya fundi.

Mapazia ya sebuleni ni mazito, tena mekundu, rangi ile ile ya boti. Yanatosha, na upande mmoja itabaki nafasi ya herufi, ndogo tu. Mke wangu akiuliza, nitasema nimeyaanika.