Hakuna Mahujaji Wawili Wenye Jina Moja

Jumatatu, 8 Desemba 2003

Leo ni siku yangu! Afisi yetu ya kusafirisha mahujaji, hapa Mji Mkongwe, imeanza kutumia hifadhidata niliyoitengeneza mimi, Hisham, peke yangu, kwa programu ya bure kutoka kwenye intaneti. Mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Bi Shariffa, mwenye afisi, kasema rahisi ghali. Nikacheka kwa upole, wanavyocheka wataalamu. Shaame wa meza ya pili bado anafunga paspoti kwa mipira, fungu la kila kijiji mbali. Masikini. Nikipewa cheo cha Mkuu wa Kompyuta, yeye ataniletea chai.

Mama naye yumo katika safari ya mwaka huu. Ameisubiri tangu sijaota ndevu. Anazunguka mtaani kwetu Kiembe Samaki nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba radhi, maana haendi mtu Hija na kinyongo cha jirani.

Jumanne, 9 Desemba

Uchafu! Majina yamejirudia. Zuleikha Salim Ali wapo watatu. Juma Ali Juma, sita! Kosa la Shaame, bila shaka. Ndiye aliyenisomea majina, huku anatafuna kashata. Nikaandika amri: jina likishaingia mara moja, mengine yanayofanana nalo yafutwe. Nikabonyeza. Orodha ikapungua theluthi nzima. Raha iliyoje!

Amri hiyo nikaipeleka pia kwa mabingwa wanaoitengeneza programu yenyewe, waitie ndani kwa faida ya walimwengu.

Jumatano, 10 Desemba

Mabingwa wamejibu. Mjerumani mmoja anauliza, kwa adabu, kama kwetu hakuna watu wawili wenye jina moja. Swali gani hilo? Sikumjibu. Kumbe husuda imefika mpaka Ulaya.

Alhamisi, 11 Desemba

Kaja mzee wa Nungwi, Juma Ali Juma, kuulizia viza yake. Nikatazama. Nikamwambia Juma Ali Juma ni mtu wa Makunduchi. Akasema huyo si yeye. Mara akaingia wa pili, kutoka Bububu. Naye Juma Ali Juma! Wakapeana mikono, wakaulizana habari za babu zao waliowaachia majina. Wamefurahi kweli. Mimi jasho.

Hapa kwetu kila mtoto hupewa jina la babu au bibi. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, nina binamu wawili wanaoitwa Hisham, na halikunipitia akilini!

Nikamtafuta Zuleikha Salim Ali. Yupo mmoja tu, wa Makunduchi. Mama yangu nimemfuta.

Ijumaa, 12 Desemba

Nakala ya akiba ipo. Niliiamuru kompyuta inakili kila usiku juu ya nakala ya jana yake, kubana nafasi. Kwa hiyo nina akiba kamili ya makosa yangu. Sina hali. Nimeswali Ijumaa bila kusikia neno la hotuba.

Jioni nikamwambia Mama huenda kukawa na tatizo dogo. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwa Bi Mwanamwema, jirani ambaye hawajasemezana tangu ile harusi ya binamu yangu Maha.

"Nshamwomba radhi Mwanamwema, mie!" akasema. "Nshamshika na mkono! Leo unanambia siendi?"

Akaketi juu ya sanduku lake la safari, akanipa mgongo. Afadhali angenipiga. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nikamweleza Bi Shariffa kila kitu. Akavua miwani, akaniuliza kama najua idadi ya wazee waliokwisha kuagana na watoto wao. Kisha akaamuru paspoti zote zisomwe upya. Shaame asome, mimi nipige chapa. Mtihani! Kila akifika kwa Juma Ali Juma mwengine, Shaame anakohoa, anangoja nimtazame, halafu ndiyo anasoma. Soko zima la Darajani wanajua. Muuza machungwa kaniuliza kama naye nimeshamfuta.

Lakini tumemaliza. Mama amerudi orodhani. Nimeligusa jina lake pale kwenye kioo.

Jumanne, 16 Desemba

Kesho Bi Shariffa anakwenda Dar na orodha, kwa boti ya asubuhi. Viza baada ya hapo hakuna. Amenikataza nisiguse kitu. Sikugusa. Nilichungulia tu.

Sasa nakiri: jina si alama ya mtu. Hilo sitolirudia abadan. Alama ya kweli ni tarehe ya kuzaliwa. Na hebu tazama! Karibu nusu ya mahujaji wamezaliwa tarehe mosi Januari 1940! Inawezekana wapi? Mama pia kaandikwa hivyo hivyo, ilhali nyumbani kwetu hakuna ajuaye alizaliwa lini. Hapana shaka Shaame alichoka, akawa ananisomea tarehe moja kwa wote. Bahati yao nipo mimi.

Nimeandika amri: kila tarehe abaki mtu mmoja. Nimebonyeza. Disketi yenye orodha nimempa Bi Shariffa mwenyewe mkononi, nikamwambia asafiri kwa amani.

Mama ananiita nikamfungie sanduku.