Mji Usio na Wazee

Jumatatu, 9 Januari 1967

Siku yangu imefika. Miaka kumi na moja nimechora mabomba na mitaro katika kampuni hii, hakuna aliyejua jina langu. Leo mwenye kampuni mwenyewe, Bwana Corwin Haddix, amelijua.

Alikuja chumba cha kielelezo saa nne, akiwa na kikohozi chake. Akasimama mbele ya kielelezo cha mji wetu. Una upana wa chumba kizima: kuba la kioo katikati, treni zinazopita juu bila kusimama, magari yote chini ya ardhi. Utajengwa Florida, upande wa pili wa nchi, kwenye kinamasi tulichonunua, na watu elfu ishirini wataishi ndani yake kweli. Pembeni yake kutakuwa na bustani ya michezo, lakini hiyo ni ya kuleta wageni tu. Mji ndio moyo wa mradi.

Akauliza tutazuiaje usije ukawa na mitaa ya ovyo kama miji mingine. Delbert Quimby, fundi mkuu wa kielelezo, akajifanya anafuta vumbi. Nikasema mimi: kila mkazi awe na kazi. Asiye na kazi asikae. Wastaafu wasiwepo.

Bwana Haddix akaitikia kwa kichwa. Akasema iandikwe hivyo. Halafu akaniuliza jina, akasema Stroud na familia yake wawe katika nyumba ya kwanza ya majaribio.

Quimby amevimba kama andazi. Kwa furaha nimeshindwa kula chakula cha mchana.

Jumanne, 10 Januari

Nimemkumbuka Mama.

Anaishi kwetu, chumba cha nyuma, tangu Baba afariki. Ana miaka sabini na minne. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kumenya pichi katika kiwanda cha matunda ya makopo, mwaka 1949.

Hakuna la kutisha. Nimemjazia fomu ya ajira: Bi Opal Stroud, Mshauri wa Mapazia. Bi Ostrander wa ofisi ya wafanyakazi aliisoma mara mbili, akauliza mshauri huyu ataweza kuanza lini. Nikasema nyonga aliyopasuliwa ikipona. Amenirudishia fomu bila muhuri.

Alhamisi, 12 Januari

Habari imevuja. Bi Ostrander hana kifua.

Nimekuta Quimby amebandika kibibi kidogo cha plastiki kwenye kiti, mbele ya nyumba namba moja. Ana shali na paka. Mafundi wote wamejipanga kunitazama. Quimby akasema kwa upole kabisa, “Mheshimiwa Meya, kuna mhamiaji haramu kwenye baraza yako. Umfukuze wewe au tuite polisi?”

Nilinyoosha mkono kumng’oa. Kiwiko kikagonga nguzo ya reli. Treni nne zikaanguka juu ya kuba, nalo likapasuka. Kibibi hakutikisika. Wametumia gundi ya mbao.

Jumapili, 15 Januari

Nimepata suluhisho. Kuna nyumba ya kutunzia wazee huko bondeni, mwendo wa saa moja kwa gari. Ina miti ya ndimu. Nimemwambia Mama kwamba mji unamhitaji meya wake, na ni wiki chache tu, mpaka nyonga ipone.

Arvella, mke wangu, aliacha kuosha vyombo. Akaniambia nirudie nilichosema. Nikarudia. Akasema, “Mama yako hajawahi kutuomba hata glasi ya maji, Wendell. Unamtoa kwa ajili ya nyumba ya kadibodi?”

Nikamweleza kwamba si kadibodi. Kielelezo ni cha mbao na plastiki, na nyumba yenyewe itakuwa ya zege.

Mama hakubishana. Alifungasha sanduku mwenyewe. Njiani akaniuliza, “Mwanangu, mtu akizeeka huko kwenye mji wako, anapelekwa wapi?” Nikasema suala hilo bado liko kwenye kamati. Hakuna kamati. Akasema basi nihakikishe ni mahali penye dirisha.

Chumba chake kina dirisha. Linatazama ukuta, lakini ni dirisha.

Ijumaa, 27 Januari

Arvella anazungumza nami kwa vikaratasi. Cha leo: “Maziwa yameisha. Umempigia simu mama yako?” Nimenunua maziwa.

Bwana Haddix hajaonekana ofisini wiki mbili. Wanasema ni mgongo. Dereva wake ameniambia si mgongo, ni pafu, na amelazwa. Bila saini yake nyumba ya kwanza haijengwi. Na nimesikia Quimby ana mpango wa kumtumia kadi ya pole.

Ijumaa, 3 Februari

Nimemwona. Nilinunua shada kubwa la maua nikapita mapokezi kama mleta maua, mchoro nimeuficha katikati ya mashina. Kwenye ngazi mhudumu alinidaka, akasema wagonjwa wa ghorofa hiyo hawaruhusiwi maua. Nikampa maua, nikabaki na mchoro.

Sikumtambua mara moja. Amebaki mifupa na macho. Nikamwomba aweke saini. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye barabara zote kama mtu anayetafuta kwake.

Akasema, “Stroud, madaktari wanasema sitafanya kazi tena. Kwa kanuni yako, leo hii ningehamishwa.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema haraka kwamba kanuni inaweza kupata kifungu cha msamaha kwa mwanzilishi, na ninaweza kukiandaa kufikia Jumatatu. Akafumba macho. Akaniomba nimfungulie dirisha, halafu niondoke.

Hakuweka saini. Lakini amekisikia kifungu na hakukipinga. Nitakiandika.

Alhamisi, 9 Februari

Bwana Haddix amefariki asubuhi. Redio imetangaza kabla hatujaambiwa. Mafundi waliketi sakafuni kando ya kielelezo. Quimby alilia waziwazi, na mimi nikashindwa kumchukia kwa muda wa kama dakika tano.

Kifungu cha msamaha nilikuwa nimekimaliza. Kurasa tatu.

Jumatatu, 13 Februari

Saa mbili asubuhi simu ililia. Nyumba ya wazee. Mama ana homa ya mapafu tangu Jumamosi, hali yake imezidi kuwa mbaya, njooni. Arvella alikuwa ameshavaa koti. Nikamwambia saa tatu wakurugenzi wanaamua hatima ya mji, nizungumze nusu saa tu kisha nitawafuata. Hakuandika kikaratasi. Alichukua funguo za gari akatoka.

Kikao kilikwenda hadi saa saba. Mkurugenzi mpya ni mtu wa mahesabu aitwaye Lindqvist. Akasema mji wenye watu ni balaa: watu hupiga kura, hushtaki, huugua. Tujenge maonyesho ya mji. Wageni wataingia asubuhi, watatazama kesho itakavyokuwa, jioni watarudi makwao. Hakuna atakayelala humo.

Nikasimama. Nikatetea wakazi wetu elfu ishirini kwa machozi. Nikasema mji usio na watu ni sanduku tupu. Nikasema mtu hatupwi kwa sababu ana usumbufu. Hata Quimby alipiga makofi. Kura: tisa kwa maonyesho, moja kwa mji, na huyo mmoja alikosea kunyoosha mkono.

Nilifika bondeni kwa basi saa tisa. Mama alifariki saa sita na robo.

Arvella alikuwa amekaa kando ya kitanda, sanduku limeshafungwa. Akaniambia Mama alikuwa akimweleza muuguzi kwamba mwanawe ni meya, asimwone vibaya, mji mzima unamtegemea.

Nilikwenda dirishani. Ukuta ule una ufa.

Ijumaa, 17 Februari

Tumemzika Mama. Arvella alisimama upande wa pili wa kaburi. Kesho anahamia kwa dada yake, mji wa Bakersfield. Nilimwomba abaki. Akasema hana hasira tena, na hilo ndilo limenitisha zaidi. Quimby alikuja, amevaa tai nyeusi. Akanishika mkono, akasema pole, bila mzaha wowote.

Makaburi yale yamepangwa vibaya sana. Njia moja nyembamba, ya kuingia na kutoka. Gari la maiti lilikwama nyuma ya msiba mwingine dakika ishirini, Mama akiwa ndani. Mchungaji alipokuwa akisoma, nilipata wazo. Nikaanza kulichora nyuma ya karatasi ya ibada: makaburi ya duara, magari yote chini ya ardhi, na juu treni ndogo isiyosimama ya kuwazungusha wafiwa. Elfu ishirini wanaenea vizuri. Na hawa hawapigi kura.

Nilimwonyesha mchungaji watu walipokuwa wakitawanyika. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniwekea mkono begani. Akasema tutaliombea.

Hakukataa. Jumatatu nampelekea michoro kamili.