Majani Yaliyofika Kiunoni

Tulimalize hili mapema, lisije likatusumbua huko mbele: mjinga wa siku ile alikuwa Fredrick. Amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa amesimama kwenye tope la kijiji cha Sapiwi, viatu vyake vya kung'aa kavishika mkononi. Waliokuwapo walitaka kumpa pole, wakashindwa kwa kucheka.

Tumtendee haki lakini. Fredrick hakuzaliwa mjinga, alijifunza. Kwa kabila ni Msukuma, kwa makuzi ni mtoto wa Mwanza mjini, na Kisukuma chake kilianzia kwenye salamu ya mwangaluka kikaishia kwenye mayu, yaani mama. Ng'ombe alimfahamu zaidi akiwa kwenye mishikaki. Alifika Bariadi na pikipiki moja, suti moja, na cheo cha Mkurugenzi alichojipa baada ya kusubiri sana mtu wa kumpa.

Fursa aliiona mwezi wa tisa, akiwa njiani kuelekea Sapiwi. Nchi nzima ilikuwa imekauka, ng'ombe wamebaki mbavu, vumbi kila upande. Ghafla, kando ya barabara, likatokea eneo kubwa la majani makavu yaliyofika kiunoni. Hakuna nyumba, hakuna uzio, hakuna alama ya kwato hata moja. Fredrick alizima pikipiki, akavua helmeti kwa heshima.

"Pori zima halina mwenyewe," akaliambia. "Pole sana. Leo umempata."

Wiki iliyofuata, karatasi zikabandikwa kwenye nguzo za umeme mjini: SEMINA YA KIWANJA CHA KWANZA. ANZA KUWEKEZA KWENYE ARDHI HATA KAMA HUJUI PA KUANZIA. KIINGILIO BURE.

Walikuja watu kumi na wawili, katika chumba nyuma ya duka la soda. Mbele kabisa alikaa Mwalimu Deogratias, mstaafu mwenye kiinua mgongo na hamu ya kukiona kinazaa kabla ya Krismasi. Kando yake alikaa mama mmoja wa makamo, kandambili miguuni, fundo limekazwa kwenye pindo la khanga. Jina lake Nyamizi. Fredrick alilitazama lile fundo akajisemea: huyu kauza ng'ombe. Moyo wake ukaanza kuimba kwaya.

"Ndugu wawekezaji!" akaanza. "Somo la kwanza kwa anayeanza: usiguse ardhi kabla hujawauliza majirani. Jirani ndiye anayejua shamba ni la nani. Andikeni!"

Watu wakaandika. Nyamizi, ambaye hakuja na kalamu, akarudia kwa sauti:

"Uwaulize majirani."

"Safi sana, mayu! Huyu atakuwa tajiri, mwone hivi hivi."

Kisha akawaonyesha eneo lenyewe kwenye simu, video aliyoirekodi akiwa amesimama juu ya pikipiki. Nyamizi aliisogeza simu mpaka puani.

"Rudisha hapo penye kichuguu."

Akarudisha.

"Tena."

Akarudisha tena. Mama akajifunika uso kwa khanga, akakohoa muda mrefu, mabega yakitikisika.

"Pole, mayu. Ni vumbi hili."

"Ni vumbi, ng'wanawane, ni vumbi mwanangu," akasema Nyamizi, akifuta machozi. "Mimi nachukua nusu ya viwanja."

Mwalimu Deogratias aligeuka kama aliyekanyagwa. "Nusu? Basi iliyobaki yangu! Mkurugenzi, andika jina langu hapo!"

"Ila sisi washamba," mama akaendelea taratibu, "tunalipa tukishaona. Weka uzio kwanza. Na maji. Si umefundisha mwenyewe kwamba kiwanja chenye maji ndicho chenye bei?"

"Mabomba yatakuja, mayu, mchakato—"

"Bomba la kuja silioni. Chimba lambo, tulione limejaa."

"Mama ana hoja," akadakia Mwalimu. "Na mimi nalipa siku hiyo hiyo. Sitangulii."

Fredrick alipiga hesabu za kichwani, na hesabu za kichwani zina kawaida ya kukubaliana na mwenye kichwa. Pikipiki ile ndiyo ilikuwa mali yake yote. Bila hiyo, kilichobaki duniani ni kochi la shemeji yake kule Mwanza, na shemeji mwenyewe alishasema kochi limechoka. Akaiuza. Akakodi mtambo wa kijiko siku tatu kuchimba lambo, akanunua nguzo na waya.

Nyamizi alikuja kila siku kukagua, kama mwekezaji anayejielewa.

"Ongeza kina. Na upande huu wafanye mteremko."

"Mteremko wa nini, mayu?"

"Watoto wakishuka kunywa wasiteleze."

"Sawa. Na geti?"

"Lipanue. Familia yangu ni kubwa, hatupendi kusukumana."

Fredrick akalipanua. Mteja ni mfalme.

Mvua za kwanza zikanyesha mwezi wa kumi na moja, lambo likajaa mpaka juu. Siku ya makabidhiano Fredrick aliteremka kwenye bodaboda ya kukodi, suti imepigwa pasi, na Mwalimu Deogratias nyuma yake na bahasha kifuani, wanasemina wenzake wakifuata kwa miguu. Geti lilikuwa wazi. Ndani ilikuwamo familia ya Nyamizi: ng'ombe arobaini, wakiteremka kwenye mteremko mmoja mmoja, bila hata mmoja kuteleza.

"Mayu! Toa hao ng'ombe! Huu ni mradi!"

"Hii ni ngitili yangu," akajibu Nyamizi, fimbo mabegani. "Majani ya akiba. Aliyatunza marehemu mume wangu, nayatunza mimi, ng'ombe wale wakati kwingine kumekwisha. Kilichokosekana kilikuwa maji. Nilikuwa nawaswaga nusu siku kuyafuata."

"Lilikuwa pori! Majani kiunoni, hakuna mtu!"

"Ng'wanawane, mwezi wa tisa ng'ombe wa Simiyu nzima wanalamba vumbi. Wewe ukakuta majani yamefika kiunoni, hayajaguswa na ulimi hata mmoja. Ulidhani hawayaoni?"

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Mwalimu Deogratias alirudisha bahasha ndani kabisa ya koti, akacheka kuwazidi wote, kicheko cha mtu aliyekoswa na lori.

Fredrick akapiga hatua kumfuata mama, tope likameza kiatu. Akavivua vyote viwili.

"Haya, mimi mjinga! Nimekubali! Lakini wewe ulijua tangu siku ya kwanza. Kwa nini hukusema?"

"Ulifundisha waulizwe majirani. Nilikaa kiti cha mbele semina nzima, nikingoja uniulize."

"Pikipiki yangu imo kwenye hilo lambo! Nakwenda polisi! Nakushtaki!"

Nyamizi alivuta lile geti pana, polepole, akiangalia lisibane mkia wa ng'ombe wa mwisho. Akalifunga.

"Nenda, baba. Uwaambie mama mmoja wa Sapiwi kakataa kununua shamba lake mwenyewe."